Namna ya Kumlisha Sungura Majani Mabichi ya Viungo bila Kumvuruga Tumbo: Mwongozo Kamili

Kosa hili hujirudia kwa namna ileile. Mfugaji hununua fungu zima la giligilani sokoni, humwekea sungura wake lote kwa kuwa mnyama analifurahia, na asubuhi yake hukuta kinyesi kimelainika kama uji na kugandana na manyoya ya makalio. Hapo huamua kwamba giligilani ni sumu, huiacha, na baada ya wiki mbili hujaribu nanaa kwa mtindo uleule na kupata matokeo yaleyale. Mimi pia nilipita njia hiyo na sungura wangu wa kwanza, na nililaumu jani kwa miezi kadhaa kabla ya kutambua kwamba kosa lilikuwa la mkono uliolitoa: nilitoa mengi mno, kwa haraka mno, kwa tumbo ambalo halikuwa na nyasi za kutosha.

Mwongozo huu ni wa sungura wa kufugwa nyumbani, mmoja au wachache, wala si wa mabanda ya biashara. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja hutegemea iliyoitangulia.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Nyasi kavu za kutosha wiki 3 au zaidi. Nyasi za Rhodes zinazouzwa kwa marobota zinafaa sana, ilimradi ziwe za rangi ya kijani kilichofifia, zinukie vizuri, na zisiwe na ukungu wala vumbi jingi.
- Aina 3 za majani ya viungo, ambazo utazitoa moja baada ya nyingine: giligilani (ndiyo dania kwa Wakenya na kotimiri kwa watu wengi wa pwani), mrehani na nanaa.
- Kikombe cha kupimia cha mililita 250.
- Mizani ya kumpimia sungura uzito. Mizani ya jikoni hutosha kwa sungura mdogo aliyewekwa ndani ya beseni.
- Beseni 2 za kuoshea, maji safi, na kitambaa cha pamba.
- Daftari dogo na kalamu, vining'inizwe karibu na banda.
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo aliyewahi kutibu sungura. Mtafute sasa, wakati hakuna dharura, kwa kuwa wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na usiku wa manane si wakati wa kuulizia.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba sungura yuko tayari

Sungura humeng'enya sehemu ya chakula chake katika mfuko mpana uitwao sekamu, ulio mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Humo wanaishi vijidudu wengi wanaochachusha nyuzinyuzi, na ustawi wao ndio ustawi wa mnyama mwenyewe. Chakula kigeni kikiingia kwa wingi, vijidudu wazuri hupungua, wale wabaya huzaliana na gesi hujaa. Tena sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia hakina njia nyingine ila kupita mpaka mwisho.

Nyasi kavu ndizo zinazosukuma mzigo huo mbele na kusaga meno, ambayo kwa sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Kwa sababu hiyo, usimpe jani lolote la kiungo mpaka awe amekula nyasi kavu bila kizuizi kwa muda wa siku 14 mfululizo. Kila siku awekewe rundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake. Kama amezoea chakula cha viwandani peke yake na nyasi anaziangalia tu, punguza hicho cha viwandani kidogo kidogo. Usikikate ghafla.

Umri nao huzingatiwa. Kitoto kilichotoka kuachishwa ziwa, ambacho hukijui kililishwa nini kilikotoka, kisubiri mpaka kifikishe wiki 12. Huo ndio wakati ambapo tumbo lake ni jepesi kuharibika, na kuharisha kwa umri huo kunaweza kumuua kwa siku moja. Vilevile usianze jani jipya katika wiki ya kumhamisha nyumba, ya kumpa dawa, au ya joto kali lisilo la kawaida.

*Dalili kwamba hatua hii imekamilika:* anakula nyasi mwenyewe bila kubembelezwa, na kinyesi chake ni punje za mviringo, zilizokauka kiasi, zinazokaribia ukubwa wa dengu, ambazo ukizivunja unaona ndani kama vumbi la majani.

Hatua ya 2: Chagua jani, na ujue lipi lisiguse banda

Anza na giligilani. Ni laini, sungura wengi huipenda, na haina mafuta makali ya harufu kama yaliyomo katika baadhi ya viungo vingine. Mrehani hufuata, kisha nanaa. Baada ya hapo, kama unavipata, unaweza kuongeza shibiti, majani ya shamari na mchaichai uliokatwa vipande vifupi, kwa kuwa makali ya jani refu la mchaichai huweza kukwaruza mdomo.

Pasili inahitaji kiasi. Ni jani zuri lenye vitamini nyingi, lakini lina kalisi nyingi pia, na mwili wa sungura haufanani na wetu katika jambo hili: yeye hufyonza karibu kalisi yote aliyokula, kisha huitoa ile ya ziada kwa njia ya mkojo. Ikizidi, mkojo huwa mzito na mweupe kama maji ya chokaa, na kwa muda mrefu huweza kujenga mchanga au mawe katika kibofu. Majani ya mlonge, ambayo wafugaji wengi huyasifu, yamo katika kundi hilohilo la majani yenye kalisi nyingi, na mchicha una asidi ya oksaliki nyingi. Vyote hivi vitolewe mara 1 au 2 kwa wiki, kwa kiganja kidogo, wala visichanganywe siku moja.

Kivumbasi mimi siwapi. Watu hukifukiza na kukiweka madirishani ili kufukuza mbu kwa sababu ya ukali wa mafuta yake, na sioni sababu ya kuyaingiza mafuta hayo katika tumbo la mnyama wa kilo 2 wakati mrehani upo. Mwarobaini nao siutoi, hata anaposhauri jirani mwenye nia njema kwamba "unaua minyoo".

Yafuatayo yasiingie bandani hata kwa kuonja:

- Vitunguu vya aina zote, saumu, na majani yake. Huharibu chembe nyekundu za damu.
- Majani ya mparachichi. Yana sumu inayodhuru misuli ya moyo, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika vibaya.
- Kisamvu kibichi, kwa kuwa mhogo hutengeneza sianidi jani linapotafunwa.
- Majani ya nyanya na ya viazi mviringo.
- Mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika, pamoja na mbegu zake.
- Mnyaa na jamii yote ya mimea itoayo utomvu mweupe unaowasha.
- Lantana, ule mmea wa ua wenye maua madogo ya rangi mchanganyiko.

Ukiwa na shaka kuhusu jina la mmea, usiutoe. Majina yetu hubadilika kutoka wilaya moja hadi nyingine, na mtu akikuambia kwa simu kwamba "majani ya sungura" hayana shida, huenda anazungumzia mmea mwingine kabisa na ule ulioushika mkononi.

Hatua ya 3: Jua jani limetoka wapi

Hatari kubwa ya giligilani ya sokoni ni dawa za kuulia wadudu, na maji yaliyomwagiliwa. Bustani nyingi za mboga zilizo katika mabonde ya mito ya mijini, kama bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam au kingo za Mto Nairobi, hutumia maji yanayopitiwa na maji taka. Binadamu hupika mboga zake, lakini sungura hula mbichi, tena kwa mwili mdogo.

Muulize muuzaji bustani iko wapi na ilipigwa dawa lini. Wengine watakujibu ukweli, na ukimpata mmoja wa namna hiyo, ng'ang'ana naye. Usichume majani kando ya barabara yenye magari mengi wala mahali mbwa, paka na mbuzi wanapozurura.

Njia ya uhakika kuliko zote ni kupanda mwenyewe, na si kazi kubwa. Mbegu za giligilani za jikoni, zikigongwa kidogo zigawanyike vipande viwili kisha zipandwe kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, huchipua kwa siku 7 hadi 14, na baada ya wiki 4 hadi 6 huwa tayari kukatwa. Ziweke penye kivuli cha mchana, kwa kuwa joto huzifanya zitoe maua mapema. Nanaa ni rahisi zaidi: chukua vikonyo vichache, vitie katika glasi ya maji mpaka vitoe mizizi, kisha vipande katika chombo chake peke yake, la sivyo itameza kila kilichopandwa karibu nayo.

Hatua ya 4: Safisha, kagua, kausha

1. Kata uzi, ukili au mpira uliofunga fungu, na uutupe mbali. Sungura humeza mpira bila kujiuliza, nao huweza kuziba utumbo.
2. Tandaza majani na uondoe yaliyogeuka manjano, yenye utelezi, yenye madoa ya ukungu, na magugu yaliyochanganyikana nayo. Katika mafungu ya sokoni magugu hayakosekani.
3. Loweka katika beseni la kwanza kwa dakika 5 hadi 10, ukiyatikisa ili mchanga ushuke, kisha yasuuze katika beseni la pili. Usitumie sabuni. Fahamu pia kwamba kuosha huondoa dawa iliyo juu ya jani tu. Ile iliyokwisha kunyonywa na mmea haitoki, na ndiyo maana hatua ya 3 haiwezi kurukwa.
4. Yapangusie kwenye kitambaa, kisha yaache kivulini mpaka maji yasiwe yanadondoka.

Hapa lazima niseme neno kuhusu umande. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanaamini kwamba jani lenye maji humuua sungura, na imani hiyo haikutoka hewani, ingawa maji yenyewe siyo muuaji. Sungura aliyezoea majani huweza kula jani lililooshwa likiwa bado na matone, akabaki mzima. Kinachoua ni mambo mawili yanayoambatana na unyevu. La kwanza ni majani yaliyorundikwa mfukoni yakiwa mabichi, yakapata joto na kuanza kuchacha. Ukitia mkono katikati ya rundo na kuhisi vuguvugu, tupa lote. La pili ni vimelea vya koksidia, ambavyo hutoka katika kinyesi cha sungura wengine na kuishi muda mrefu penye unyevunyevu, kwa hiyo nyasi za asubuhi zilizochumwa karibu na banda chafu hubeba ugonjwa pamoja na umande. Kukausha kiasi kunakupa nafasi ya kuliangalia jani vizuri na huzuia lisichache upesi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kulikausha.

*Dalili ya mafanikio:* majani ni makavu mkononi, yamesimama, yananukia harufu yake ya kawaida, na hayana joto.

Hatua ya 5: Mpe kwa mara ya kwanza

Toa asubuhi, siku ambayo utakuwa nyumbani. Ukitoa jioni, tumbo likivurugika litavurugika umelala.

Kwanza hakikisha amekwisha kula nyasi. Kisha fuata ratiba hii kwa jani moja tu:

- Siku ya 1: kikonyo kimoja cha urefu wa kidole, chenye majani machache.
- Siku ya 2: kiasi kilekile. Usiongeze, hata akikusimamia kwa miguu miwili akiomba.
- Siku ya 3: vikonyo viwili.
- Siku ya 4: kiasi cha siku ya 3.
- Siku ya 5 na ya 6: robo ya kikombe, majani yakiwa yametiwa bila kushindiliwa.

Sababu ya kurudia kiasi kilekile siku ya pili ni kwamba chakula huchukua muda kufika katika sekamu na kuonyesha athari yake, kwa hiyo kinyesi cha asubuhi ya pili ndicho kinachojibu swali la asubuhi ya kwanza. Anayeongeza kila siku huwa anaongeza kabla ya kupata jibu.

Andika daftarini tarehe, jani, kiasi, na hali ya kinyesi. Kama mna sungura wawili katika banda moja, watenganishe kwa dakika chache wakati wa kuonja, kwa sababu mmoja hula fungu la mwenzake na kumbukumbu zako zote huwa hazina maana.

Kilichobaki kiondolewe baada ya saa 2 au 3. Katika joto la pwani jani hunyauka na kuoza upesi, na nzi hufuata.

Hatua ya 6: Soma kinyesi

Hii ndiyo hatua inayoachwa na wengi, nayo ndiyo kipimo pekee ulicho nacho nyumbani. Sungura ana kinyesi cha aina mbili. Kuna zile punje kavu nilizokwisha kuzieleza, na kuna kinyesi laini, cheusi, kinachong'aa, kilichoshikamana kama kichala kidogo cha zabibu, ambacho yeye hukila moja kwa moja kutoka mkunduni ili kupata protini na vitamini zilizotengenezwa na wale vijidudu. Kumwona akikila si ugonjwa, na usimzuie.

Soma hivi:

*Punje kavu nyingi, ukubwa unaolingana:* endelea na ratiba.

*Punje kavu zipo, lakini vichala laini vimeachwa sakafuni au vimeganda makalioni:* chakula kimekuwa kizito kuliko mahitaji yake. Acha jani kwa siku 3, toa nyasi na maji peke yake, kisha anza tena kwa nusu ya kiasi. Angalia pia kama chakula cha viwandani ndicho kilichozidi. Mara nyingi jani huadhibiwa kwa kosa la chakula cha dukani.

*Punje zimekuwa ndogo, chache, au zimeungana kwa manyoya kama tasbihi:* utumbo umepunguza mwendo. Ongeza nyasi na maji, na usitoe jani jipya.

*Kinyesi cha majimaji:* acha majani yote na mwite daktari siku hiyohiyo.

Mkojo nao uuangalie. Ukiwa mwekundu au wa rangi ya chungwa siku moja baada ya jani jipya, mara nyingi ni rangi ya mmea wala si damu, nao hurudi kawaida baada ya siku moja au mbili. Ukiendelea, au sungura akionekana anajikamua kukojoa, hilo ni jambo la daktari.

Kila siku ya majaribio mgeuze kwa upole na uangalie makalio. Manyoya yaliyolowa kinyesi huvutia nzi, nzi hutaga, na funza huweza kuingia katika ngozi ya mnyama aliye hai ndani ya siku moja.

Hatua ya 7: Ongeza aina ya pili, kisha panga mgawo wa kila siku

Jani la kwanza likipita siku 6 bila tatizo, lipumzishe au litoe kwa kiasi kilekile, kisha anza jani la pili kutoka siku ya 1 ya ratiba. Kwa mwendo huu aina 3 zitakuchukua takriban wiki 3. Ndiyo, ni muda mrefu. Lakini ukitoa aina mbili mpya pamoja na tumbo likavurugika, utakuwa hujui umshtaki nani.

Mgawo wa sungura mzima aliyekwisha kuzoea ni takriban kikombe 1 cha majani mabichi ya kila namna kwa kila kilo 1 ya uzito wake kwa siku, ukigawanywa asubuhi na jioni. Sungura wa kilo 2, basi, hupata vikombe 2, na katika hivyo viungo vyenye harufu kali kama nanaa visizidi robo. Kinachobaki kijazwe na majani mepesi: matembele, mchunga, au majani ya karoti. Hayo nayo hupitishwa katika ratiba ya hatua ya 5, kwa kuwa tumbo halitofautishi kiungo na mboga.

Nyasi kavu zibaki kuwa zaidi ya robo tatu ya chakula chote. Ukiona amejaza tumbo kwa majani na nyasi zinabaki palepale, punguza majani, hata kama kinyesi bado ni kizuri.

Mpime uzito kila wiki, siku ileile, kabla ya kula.

Hatua ya 8: Mambo yakienda kombo

Sungura huficha ugonjwa mpaka anapozidiwa. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, bila kusubiri kesho, akiwa na mojawapo ya hali hizi: hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12, amejikunyata akisaga meno kwa sauti, tumbo limekuwa gumu na limejaa kama ngoma, au anaharisha maji na masikio yake ni baridi.

Unapojiandaa kuondoka, muache na maji na nyasi, na umweke mahali patulivu. Usimkamue tumbo. Usimpe soda, maziwa wala maji ya chumvi ya kubahatisha. Zaidi ya yote, usimpe amoksilini au ampisilini ya kumeza uliyonayo kabatini, kwa kuwa dawa za jamii hiyo zikipitia mdomoni huua vijidudu wazuri wa sekamu na kumaliza kile ambacho jani lilianza. Chukua daftari lako na kikonyo cha jani alilokula. Daktari atavihitaji vyote viwili.

Kuhifadhi, na kurudi baada ya kukatiza

Simamisha mashina ya giligilani na nanaa katika glasi ya maji kama maua, ukibadilisha maji kila siku. Katika jokofu yafungie katika kitambaa chenye unyevu kidogo, yatakaa siku 3 au 4. Mrehani usiutie jokofuni, kwa maana huwa mweusi kwa baridi.

Kama mvua, safari au bei ya soko imekufanya ukose jani fulani kwa zaidi ya wiki 2, usirudi na mgawo ule wa kikombe kizima. Anza na kikonyo kimoja cha urefu wa kidole, kana kwamba hajawahi kulionja.